Nilipanda bustani ya kivulini pembeni ya nyumba yetu Gisenyi, wageni wa posa wakavua kofia

Wakuu, hodi humu ndani. Nawasalimu wote, wakubwa shikamooni kama mpo, ingawa sidhani kama wapo wengi walionizidi.

Juzi mwenzetu mmoja alileta swali hapa jukwaani. Pembeni ya nyumba yake kuna sehemu haipati jua asubuhi wala jioni, apande nini? Mkamjibu vizuri, wengine mkamtania kidogo. Nilisoma comments zote mpaka ya mwisho, nikaweka simu mezani. Uso ulikuwa unaniwaka.

Swali hilo niliwahi kulijibu kwa mikono yangu mwenyewe, mjini Gisenyi, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, nikiwa binti.

Niseme mapema kwamba hii si chai. Waliokuwepo siku ile karibu wote wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo ningeweza kupamba ili nitoke mzuri, hakuna wa kunibishia. Sitapamba. Umri wangu msiniulize. Simu nimenunuliwa na mjukuu lakini vidole vinavyoandika ni vyangu, mkiona makosa mnivumilie.

Twende taratibu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Mbugangari. Sisi ni Waislamu wa mjini, wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka upande wa Ujiji wakanogewa na ziwa wakabaki. Watu wa milimani walituita Waswahili, na walivyolitamka neno lile haikuwa sifa. Sisi nasi tuliwaita washamba. Ngoma droo.

Sasa picha ya nyumba yetu ilikuwa hivi. Mbele kuna baraza, na barazani kuna cherehani ya baba, vitambaa, na wanaume wanaopimwa suruali. Mgeni wa heshima humpitishi pale. Mgeni wa heshima alipita pembeni, kwenye njia nyembamba inayoingia uani. Kushoto ukuta wetu, kulia ukuta mrefu wa stoo ya tajiri mmoja, na juu mparachichi wa jirani umefunika kila kitu.

Jua lilichungulia pale mchana kidogo, likaondoka. Ukuta ulikuwa na ukungu wa kijani, chini matope, na kuna harufu fulani ya unyevu ambayo mama aliipigania kwa majivu na udi, akashindwa.

Niliionea haya njia ile tangu nikiwa mdogo. Rafiki zangu niliwazuia wasipite, niliwazungusha nyuma kwa jirani.

Halafu akaja Yusufu.

Yusufu alizaliwa Mudende, juu kule kwenye viazi na ng'ombe, akabatizwa Yozefu. Alishuka mjini kufanya kazi ya utingo kwenye lori la viazi, akasilimu, akawa Yusufu. Alileta suruali kwa baba ipunguzwe. Akairudisha ipunguzwe tena. Suruali ile ilipunguzwa mpaka baba akamwambia kijana, ukija tena utatoka na kaptula. Hapo kila mtu nyumbani akaelewa kwamba shida haikuwa suruali.

Nilimpenda. Kwa hilo sioni aibu, aibu iko mbele.

Kwao hawakufurahi. Kusilimu kwake kulikuwa kidonda ambacho hakijapona, na sasa anataka na mke Mswahili juu yake. Walikaa vikao na vikao. Mwishowe baba yake mdogo, mzee Bernardi, ambaye ndiye aliyemlea baada ya baba mzazi kufariki, akasema sawa, tutashuka kufata irembo.

Kwa ambao hamjui: irembo ni lango la nyumba. Kwa watu wa kule, jambo la kwanza si mahari. Kwanza wazee wa mwanaume wanakuja kwenye lango lenu na kuomba kwamba wao ndio wawe watu wa kuingia hapo. Neno hilo likisemwa na kukubaliwa, mengine yanafuata. Lisiposemwa, hakuna ndoa, hata mpendane vipi.

Na lango letu la wageni ndiyo ile njia ya matope. Mnaona stress yangu ilipoanzia.

Nikajisemea, wakija wasitukute hivi. Wanatuona sisi watu wa vichochoro, basi watakuta maua, kama kule kwenye villa za Wabelgiji kando ya ziwa.

Shangazi yangu alikuwa anafua nguo kwenye villa mojawapo. Akaniletea vijiti vya mawaridi. Mwanajukwaa uliyeuliza, nisikilize vizuri: mawaridi kwenye kivuli ni kujisumbua. Yalitoa jani mojamoja la kuaga, yakakauka kwa juu huku yanaoza kwa chini. Nikaleta yale maua ya rangi ya chungwa yanayonuka, yakarefuka na kurefuka, yakaegemea ukuta, ua hata moja sikuona. Nikaleta makana, yale yanayofanana na migomba midogo. Majani tu, na konokono wakashukuru.

Jambo lingine ni ardhi. Gisenyi tumekaa juu ya mawe ya volkano. Jembe likishuka kiganja kimoja tu linalia ngwaa! Huwezi kuchimba, unainua. Nilibeba udongo mweusi kwa kikapu kutoka bondeni, nikaumwaga kando ya ukuta wetu, nikaushindilia, nikauinua katikati ili maji yasituame. Kuuzuia usimomonyoke nikapanga mawe meusi pembeni, mazuri, yanalingana. Katikati ya ukuta kulikuwa na bomba la maji ya paa, kwa hiyo niliacha nafasi maji yapite. Likatoka tuta moja refu na tuta moja fupi.

Walioanza kunielewa wasiharibu stori kwa wenzao.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa Mama Veneranda, muuza samaki, Mkatoliki, mtu wa pale pale ziwani. Siku moja alisimama na karai lake la samaki akaniangalia nahangaika na makana yaliyotafunwa.

"We Zamda," akasema, "unapenda maua ya Bazungu, na Bazungu beko na jua. Angalia kitu yenye kuota chini ya muti mukubwa, njo ulete hapa."

Ulikuwa ushauri mzuri, mpaka leo nautoa kwa watu. Nikaanza kutembea macho chini. Kando ya kijito nikapata kangaga, yale majani kama manyoya ya ndege yanayopenda giza na maji. Kwenye ukingo huohuo nikapata maua madogo ya pinki, bua lake laini limejaa maji, ukilivunja na kulichomeka tu linashika. Yote yalikubali. Nilifurahi sana, lakini nilitaka kitu cha kusimama, kitu kirefu, kiwe kama walinzi wa njia.

Nikakipata siku tuliyokwenda sokoni Mahoko na mama.

Kulikuwa na nyumba kando ya barabara, pembeni yake mti mkubwa, chini ya mti giza kabisa mchana. Na ndani ya giza lile mmea umesimama wima, majani marefu ya kijani kibichi, yanang'aa, hayana doa. Nikamwacha mama anapatana bei ya maharage, nikapiga hodi.

Akatoka mama wa makamo na ungo mkononi. Nikamwomba miche. Akauliza kwa Kinyarwanda, ni ya kwenu nyumbani? Nikasema ndiyo, ya kupanda pembeni ya nyumba.

Akaweka ungo chini. Akaenda akakata mwenyewe, mirefu na mifupi, akaifunga kwenye jani la mgomba. Nikatoa hela, akaisukuma. Akanishika mikono yote miwili.

"Imana ibahumurize," akasema. Mungu awafariji.

Nikajibu amina. Njiani nikamwambia mama, hawa watu wa milimani wana dini jamani, hata miche wanaiombea dua. Mama akasema eh, Bakristo.

Mmea ule unaitwa umuhati. Nilipanda mirefu kwenye pembe nne za tuta refu, mifupi kwenye tuta fupi. Kangaga katikati, maua ya pinki juu. Ikashika yote. Wakuu, ilipendeza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani mtu apite ile njia.

Mama Veneranda alikuja kuona. Akasimama muda mrefu.

"Yoo," akasema taratibu. "Iko muzuri." Akaondoka bila kukaa, wala chai hakunywa. Nikadhani ni kijicho.

Siku yenyewe ikafika.

Walikuja na lori wanne: mzee Bernardi, wazee wawili wa ukoo, na Gaspari, kaka mkubwa wa Yusufu. Yusufu mwenyewe alibaki kwenye lori, haruhusiwi. Walibeba maziwa kwenye chombo cha mti kilichofunikwa vizuri, badala ya pombe ya mtama, kwa sababu walishaambiwa sisi hatunywi. Yaani walijipanga kutuheshimu. Hilo mlishike.

Mimi nilikuwa nimeamka mapema nikafagia, nikanyunyizia matuta maji yang'ae. Udongo ukawa mweusi kama umemwagwa asubuhi ile. Kisha nikakaa nyuma ya pazia la dirisha la pembeni, maana binti anayeposwa haonekani. Chumbani kulikuwa na mama na shangazi na wanawake wengine, pilau iko jikoni. Baba alisimama mwisho wa njia, kanzu nyeupe, tabasamu tayari.

Mzee Bernardi akatangulia na fimbo yake. Akaona matuta. Akasimama.

Akavua kofia.

Wazee wawili nyuma yake wakavua kofia. Gaspari alikuwa wa mwisho, akachungulia mabegani mwao aone kwa nini wamesimama. Huyo hakuvua kofia. Alichuchumaa palepale, mikono kichwani.

Baba bado anatabasamu. "Karibuni, karibuni sana." Hakuna aliyesogea. Tabasamu lake likaanza kuchoka, nililiona.

"Mwihangane," mzee Bernardi akasema kwa sauti ndogo. Hilo ni neno la kuwapa pole wafiwa.

"Tuwihangane na nini, muzee?"

"Hatukuambiwa. Yozefu hakutuambia kitu. Tulikuya na neno ya furaha, kumbe muko na kilio."

"Kilio gani? Hapa hakuna mutu alikufa!"

Mzee Bernardi akayatazama matuta, akamtazama baba, kwa huruma ile unayompa mtu ambaye msiba umemchanganya akili.

"Mama na mutoto," akasema. "Tunaona."

Hapo ndipo mimi nyuma ya pazia nilipoyaona matuta yangu kwa macho ya watu wengine. Refu moja. Fupi moja. Udongo umeinuliwa, mawe yamepangwa kuzunguka, mmea kwenye kila pembe. Sisi wa mjini tunazika makaburini, mbali na nyumba. Wao walizika nyumbani, pembeni ya nyumba, na umuhati ndio walioupanda juu ya mtu wao. Nimezaliwa pale, nakijua Kinyarwanda, na jambo hilo sikulijua, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kupanda mlimani kumzika mtu wa kule.

Wanawake chumbani nao wakaelewa. Shangazi akashika mdomo. Mama akaanza kucheka, akacheka akashikilia ukuta, na wengine wakafuata. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa na wasiwasi tangu asubuhi, siwalaumu. Lakini kilisikika nje. Fikirieni wanaume wanne wako mbele ya kaburi, na ndani ya nyumba ya wafiwa watu wanaangua kicheko.

Mimi sikucheka, maana nilikuwa namwangalia Gaspari.

Yusufu alishanisimulia. Mvua zilizopita, mke wa Gaspari alifariki akijifungua, na mtoto pia. Barabara ilikuwa imekatika, misheni yenye hospitali iko mbali, wakawazika pembeni ya nyumba. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Yusufu alinieleza yote hayo, isipokuwa juu yao walipanda nini. Nani angefikiria kuniambia?

Basi mtu yule alishuka mlimani kuja kumwombea mdogo wake mke, akakuta kaburi la mke wake na mtoto wake limepangwa kwenye lango letu, limepambwa na maua ya pinki. Nilitaka kuingia chini ya mkeka. Niliwahi kusikia watu wakisema aibu inaua. Haiui, ingeua ningepumzika.

Baba yangu alikuwa mtu wa hasira za karibu. Kicheko cha ndani kilimmaliza.

"Zamda! Kuya hapa useme hii ni nini!"

Kutoka mbele ya wazee wanaokuposa ni kujivunjia heshima, lakini baba ameita. Nikajitanda, nikatoka, macho chini.

"Iko bustani, muzee," nikasema. "Ni mi nilipanda. Hapa jua haifike, njo maana nilitafuta majani yenye kupenda kivuli."

"Nani alikupatia hii?" Mzee Bernardi akaunyooshea umuhati fimbo.

"Mama moja, njia ya Mahoko."

"Alikuuzisha?"

"Hapana. Alinipa bure."

Mzee Bernardi akafumba macho. "Bien sûr," akasema, yaani bila shaka. "Hii hakuna mutu anauzisha."

Nadhani yeye aliniamini pale. Lakini mzee mmoja nyuma akanong'ona, na alinong'ona tukasikia wote, kwamba labda kuna ugonjwa kwenye nyumba hii, labda Waswahili wanaficha watu wao. Baba akasikia neno hilo. Akaingia uani akatoka na jembe.

"Munasema ninaficha? Angalieni!"

Na kanzu yake nyeupe akaanza kuchimba.

Wazee wakapiga kelele, "Ayii! Acha! Acha!" maana kwao alikuwa anafukua kaburi. Kangaga zinaruka, udongo unaruka. Wateja wa barazani wakakimbilia, mmoja na suruali iliyobanwa pini mguu mmoja. Majirani wakajaa kwenye mdomo wa njia. Mama amenyamaza ndani. Baba anachimba, analia, anachimba, matope mpaka kifuani, na mimi nimesimama hapo pembeni, na kila mtu anajua kazi hii ni ya nani.

Gaspari ndiye aliyelishika jembe. Hakulinyang'anya, aliweka tu mkono juu ya mpini, baba akaachia.

Kisha akapiga magoti, akaanza kutoa udongo kwa mikono. Polepole. Umuhati aliokutana nao aliung'oa akaulaza kando, mmoja mmoja, hakuutupa. Tuta refu lote, mpaka akafika kwenye jiwe. Akahamia lile fupi. Hapo alichukua muda mrefu zaidi ingawa ni dogo.

"Iko jiwe," akasema mwishowe. "Hapa haiko mutu."

Lakini hakuinuka. Akabaki amepiga magoti, mikono imejaa udongo wangu, akalia mbele ya watu wote wa Mbugangari.

Mzee Bernardi akavaa kofia yake. Akamwambia baba kwa heshima kabisa, "Bon. Tumeamini. Lakini machozi imeanguka kwa mulango. Leo ile neno haisemwe."

Wakaondoka. Maziwa wakarudi nayo. Baba alikisindikiza kile chombo kwa macho mpaka kikapotea kwenye kona, akaingia ndani, na pilau ile tulikuja kuwapa majirani.

Sitawachosha na siku zilizofuata. Stori ilishuka mpaka ziwani kwa wavuvi. Nyumba yetu ikapewa jina, "kwa makaburi". Wateja wakamuuliza baba kama siku hizi anashona na sanda. Yeye hakunigombeza hata mara moja, na ndicho kilichoniumiza. Alikuwa akipita ile njia anaangalia upande wa stoo.

Lori la viazi, lililokuwa likinipigia honi kila likipita, sasa lilipita bila kupiga. Yusufu alikatazwa, nilikuja kujua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba honi haipigwi, na nikahesabu mambo yamekwisha.

Nilimuuliza Mama Veneranda kwa nini hakunionya, na aliona.

"Nilifikiri munajua," akasema. "Nilifikiri labda iko kitu ya siri ya jamaa yenu, mama na mutoto benye kufa zamani. Mutu haiulize kitu kama ile."

Yaani kila aliyejua alidhani nasi tunajua, na kwa adabu akanyamaza.

Wazee wa Yusufu walirudi msimu mwingine. Sikutegemea. Safari hii baba alisukuma cherehani pembeni, akawapokea barazani katikati ya vitambaa, na neno likasemwa hapo, mbele ya suruali za watu. Yusufu alinisimulia kwamba kwenye kikao chao wengi walikataa, aliyewageuza ni Gaspari. Aliwaambia, mtu anayeharibu kanzu yake vile mbele ya majirani hana cha kuficha.

Tukafunga ndoa. Nyumbani kwetu, kwa shehe. Mzee Bernardi akahudhuria na kofia yake.

Ningependa niishie hapo, ndugu zangu, lakini niliahidi ukweli.

Baada ya harusi tukapanda Mudende kusalimia. Kule kuna baridi, ukungu unaingia mpaka kwenye sahani. Tulifikia kwa Gaspari, ndiye mkubwa. Jioni nzima nilikula nimeinamia chakula. Akinipa kitu napokea kwa mikono miwili, namshukuru, namwangalia vidole.

Asubuhi akaniita kutoka nje. "Shemeji, kuya."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Chini ya mti mkubwa, mahali ambapo jua halifiki, yalikuwepo. Moja refu, moja fupi. Mawe meusi pembeni. Umuhati kwenye pembe, na majani ya hovyohovyo katikati.

"Shemeji," nikasema, "unisamehe."

Kama vile hakusikia. Alikuwa anaangalia chini.

"Ile yako ilikuwa muzuri kupita hii," akasema. "Uliweka na maua ya pinki kwa katikati. Mi sijue maua. Niliweka majani tu, na hapa jua haiko." Akaokota jani kavu juu ya lile dogo. "Nifanyie kama ile."

Nilitikisa kichwa kukubali.

Tulikwenda wote mpaka kijitoni, yeye amebeba kikapu. Nikachagua kangaga fupi, maana ndefu zingefunika ile ndogo. Nikakata maua ya pinki, nikachagua yenye vichwa vingi. Niling'oa magugu, nikalainisha udongo, nikapanda. Nilianza na mkubwa. Nilipofika kwa mtoto, Gaspari akanishikilia miche nikawa nachomeka mmoja mmoja. Akaniambia jina la mkewe. Akaniambia mtoto hawakuwahi kumpa jina. Hilo la mke sitaliandika hapa, si langu.

Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikainamisha kichwa upande, kama nilivyokuwa nafanya kule kwetu, nione kama imependeza.

Nikajistukia. Nikaziba uso kwa mikono yenye udongo.

"Hapana," Gaspari akasema. "Angalia. Uangalie vizuri. Iko muzuri?"

Nikaangalia. Nikamwambia, "Iko muzuri, shemeji."

"Eh," akasema. "Asante."

Basi, mwanajukwaa uliyeuliza kuhusu kivuli pembeni ya nyumba yako, jibu langu ni hili. Kangaga itakubali. Yale maua laini yenye bua la maji yatakubali, siku hizi hata nursery wanayauza, hutanyimwa. Mawaridi achana nayo. Kama udongo wako unachimbika, chimba, usiinue tuta. Na mmea ukiukuta umestawi sana kivulini kwenye nyumba ya mtu, kabla hujaomba mche, muulize kwanza aliupanda kwa ajili gani. Mimi niliuliza kila kitu kuhusu mimea ile, inapenda maji kiasi gani, inashika haraka au polepole. Kuhusu watu waliokuwa wanaipanda sikuuliza chochote, na nilikuwa naolewa kwao.

Mtanicheka, chekeni, stori inachekesha, hilo najua. Ila mkimaliza mniandikie: huko kwenu ni mmea gani mtu hapandi karibu na nyumba, na kwa nini? Nitasoma zote, hata zikiwa mia, nina muda na miwani mipya.